Unai Emery: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi yake ya ukocha

Maswali haya yamepangwa kufuata safari yake, kuanzia Lorca hadi Birmingham. Ukiwa na haraka ya Arsenal, ruka moja kwa moja. Wengi hufanya hivyo. Habari za Aston Villa zinaishia mwisho wa msimu wa 2024/25.

Emery ni nani hasa?

Ni kocha Mhispania, Mbasque kwa asili, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1971 katika mji wa Hondarribia, mkoa wa Gipuzkoa, pale Hispania inapopakana na Ufaransa. Ametwaa Ligi ya Europa mara tatu mfululizo akiwa na Sevilla (2014, 2015 na 2016), kisha mara moja na Villarreal (2021). Kabla yake aliyekuwa kileleni ni Giovanni Trapattoni, mwenye makombe matatu ya mashindano hayo tangu yalipokuwa yakiitwa Kombe la UEFA. Aston Villa alianza kuinoa Novemba 2022.

Ni kweli babu yake ndiye golikipa wa kwanza kufungwa katika La Liga?

Kweli kabisa. Babu yake, Antonio Emery, alikuwa akiidakia Real Unión ya Irún, mji ulio jirani na Hondarribia. Tarehe 10 Februari 1929, ligi ya Hispania ilipoanza, Pitus Prat wa Espanyol alimtungua bao ambalo linahesabiwa kuwa la kwanza katika historia ya ligi hiyo. Baba yake Emery, Juan, naye alikuwa golikipa. Unai ndiye aliyekimbia glavu.

Msidhani Real Unión ilikuwa timu ya mtaani. Ilitwaa Kombe la Mfalme mwaka 1918, 1924 na 1927 kabla ya kuporomoka hadi madaraja ya chini. Mwaka 2021 familia ya Emery iliinunua sehemu kubwa ya klabu hiyo, na kaka wa Unai, Igor, akawa rais wake.

Alikuwa mchezaji mzuri?

Wa kawaida. Alikuwa kiungo wa upande wa kushoto aliyelelewa Real Sociedad, lakini timu ya wakubwa aliichezea mechi 5 tu za ligi, katikati ya miaka ya 1990. Baada ya hapo ni Toledo, Racing Ferrol, Leganés na Lorca, muda mwingi akiwa daraja la pili na la tatu. Kama mtu anatafuta jina lake kwenye orodha ya mastaa wa Hispania wa zama zile, asijisumbue.

Aliingiaje kwenye ukocha?

Kwa goti. Msimu wa 2004/05 alikuwa Lorca Deportiva, daraja la tatu, ana miaka 33, goti limegoma. Mambo ya timu hayakuwa mazuri, kocha akaondolewa, na rais wa klabu badala ya kutafuta mtu wa nje akamgeukia mchezaji wake majeruhi. Asubuhi ni mwenzao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, jioni ni bosi wao. Miezi michache baadaye Lorca ilipanda daraja la pili kwa mara ya kwanza, na msimu uliofuata ikamaliza ya tano huko huko, pointi chache tu chini ya kupanda La Liga.

Mwaka 2006 akachukuliwa na Almería. Mwaka mmoja, na Almería nayo ikawa La Liga kwa mara ya kwanza. Msimu wa 2007/08 ikamaliza nafasi ya nane, na njiani iliifunga Real Madrid 2-0. Hapo ndipo klabu kubwa zilipoanza kuulizana huyu ni nani.

Kwa nini mashabiki wa Valencia hawamkumbuki kwa upendo, na aliwapeleka Ligi ya Mabingwa mara tatu?

Kwa sababu matarajio yao yalikuwa bado ya mwaka 2004, Valencia ilipokuwa bingwa wa Hispania, lakini mfuko ulikuwa mwingine. Emery alifika 2008 akikuta klabu iliyojaa madeni. Ujenzi wa uwanja mpya ulisimama 2009, zege likabaki wazi katikati ya jiji. Ili mishahara ilipwe, wachezaji waliuzwa: David Villa kwenda Barcelona na David Silva kwenda Manchester City, wote 2010, kisha Juan Mata kwenda Chelsea 2011. Timu iliyompoteza Villa na Silva katika dirisha moja la usajili ilimaliza ya tatu, na mwaka uliofuata bila Mata ikamaliza ya tatu tena. Kwa jumla ni nafasi ya tatu mara tatu mfululizo, nyuma ya Barcelona ya Guardiola na Real Madrid, ambao siku zile hakuna mwanadamu wa kawaida aliyeweza kuwafikia.

Mestalla, uwanja wa Valencia, walimzomea hata hivyo. Walisema anabadilisha kikosi mno, na kwamba timu ikiongoza huanza kuogopa. La pili lina ukweli wake, na litajitokeza tena huko mbele.

Na Urusi je?

Spartak Moscow, 2012. Alitimuliwa Novemba baada ya kuchapwa 5-1 nyumbani na watani wao Dynamo. Hakumaliza hata msimu mmoja.

Sevilla aliipata wapi ile dawa ya Ligi ya Europa?

Hili ndilo swali linalostahili muda, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, Sevilla haikustahili hata kuwemo. Emery aliipokea Januari 2013 ikiwa inasuasua, na ikamaliza ligi nafasi ya tisa. Ilipata tiketi ya Ulaya kwa sababu Málaga ilifungiwa na UEFA kwa mambo ya fedha, na Rayo Vallecano ikanyimwa leseni. Kiangazi hichohicho iliwauza Jesús Navas na Álvaro Negredo kwa Manchester City. Basi ikaanzia kwenye mechi za mchujo, mwezi Agosti wengine wakiwa bado likizo.

Mei 2014 walikuwa nusu fainali dhidi ya Valencia, waajiri wake wa zamani. Mechi ya kwanza Sevilla ilishinda 2-0. Marudiano Mestalla, Valencia ikafunga moja, mbili, tatu. Mwamuzi ameshaangalia saa, mashabiki wa nyumbani wameshaanza kuimba. Dakika ya 94 Coke akarusha mpira mrefu kutoka pembeni hadi ndani ya boksi, Federico Fazio akaugusa kwa kichwa, na Stéphane M'Bia akatokea nyuma ya kila mtu akaumalizia kwa kichwa. Ikawa 3-1, Sevilla ikapita kwa bao la ugenini. Emery alikimbia hadi uwanjani na kuishia chini ya rundo la wachezaji wake. Wanaosema makombe yake ni bahati huanzia hapa. Mimi huwauliza: mpira wa kurusha uliofanyiwa mazoezi, unaopita kwa watu watatu kwa mpangilio, ni bahati ya nani?

Fainali ilikuwa Turin dhidi ya Benfica, suluhu hadi dakika 120, kisha golikipa Beto akapangua penalti mbili na Sevilla ikashinda 4-2. Mwaka uliofuata, Warsaw, Dnipro ya Ukraine ilikufa 3-2, Carlos Bacca akifunga mawili. Ikumbukwe kwamba kati ya fainali hizo mbili nahodha Ivan Rakitić aliuzwa Barcelona na Alberto Moreno Liverpool. Baada ya Warsaw, Bacca naye akaenda AC Milan. Mkurugenzi wa michezo, Monchi, alikuwa anauza na kununua kila kiangazi, na Emery anaanza upya kufundisha sura mpya.

Fainali ya tatu ndiyo tamu zaidi kuitazama tena: Basel, 18 Mei 2016, Liverpool ya Jürgen Klopp. Daniel Sturridge alifunga kwa nje ya mguu wa kushoto, Sevilla wakaenda mapumziko wakiwa hoi. Kipindi cha pili hakikumaliza hata sekunde ishirini: Mariano, beki wa kulia, akampiga tobo Alberto Moreno, yuleyule waliyemuuza, akapenyeza pasi na Kévin Gameiro akasawazisha. Coke, beki aliyesogezwa mbele siku hiyo, akaongeza mawili. 3-1.

Wakati huohuo, katika La Liga msimu ule wa 2015/16, Sevilla haikushinda mechi hata moja ya ugenini. Hata moja! Kocha yuleyule, wachezaji walewale. Anayetaka kumwelewa Emery asiache kando takwimu hiyo: ni mtu wa mechi za mtoano, za kupewa siku tatu za kumchambua mpinzani mmoja, kuliko mbio za wiki 38.

Sevilla iliyocheza na Simba Dar es Salaam ilikuwa yake?

Hapana. Mechi ile ya Uwanja wa Taifa, Sevilla ilipoifunga Simba 5-4, ilichezwa Mei 2019. Emery alikuwa ameondoka Sevilla miaka mitatu nyuma, na wiki hiyo alikuwa akiiandaa Arsenal kwa fainali.

Ile 6-1 ya Barcelona na PSG, lawama ni zake?

Sehemu, ndiyo. Tarehe 14 Februari 2017 PSG yake (Paris Saint-Germain, alikohamia 2016 kutoka Sevilla) iliifunga Barcelona 4-0 jijini Paris, na ule ulikuwa mchezo wa kiwango cha juu kweli. Presnel Kimpembe, kijana mwenye asili ya Kongo kwa upande wa baba, alikuwa anacheza Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza na akawazima akina Messi na Suárez kana kwamba amezoea. Marudiano ya 8 Machi, PSG ikaingia kulinda. Bao la Suárez dakika ya tatu likawatia kiwewe, wakarudi nyuma hadi ndani ya boksi lao. Edinson Cavani alipofunga na kuwa 3-1, Barcelona ilihitaji mabao mengine matatu. Hadi dakika ya 88 bado ilihitaji matatu. Neymar akafunga mawili, Sergi Roberto akamalizia dakika ya 95, PSG nje.

Mwamuzi alikosea mambo kadhaa usiku ule, hilo hata watu wa Barcelona wenye haya wanalikubali. Lakini timu inayoongoza kwa mabao manne haitakiwi kucheza kwa hofu, na hapo ndipo malalamiko ya Mestalla yanaporudi.

Msimu wa pili alipewa Neymar, aliyenunuliwa kwa euro milioni 222, na Kylian Mbappé. Septemba tu Neymar na Cavani walikuwa wanagombea mpira wa penalti mbele ya dunia nzima katika mechi na Lyon, na kocha hakuweza kumwambia yeyote kati yao "weka chini". PSG ilishinda kila kombe la Ufaransa msimu huo, ikatolewa na Real Madrid hatua ya 16 bora, na Emery akaondoka na makombe 7 ndani ya miaka miwili. Monaco walimpokonya ubingwa mmoja, wa 2017.

Haya, Arsenal. Alifeli au alionewa?

Yote mawili, na mwenye kibanda umiza popote pale atakuambia ubishi huu haujawahi kuisha.

Alitangazwa Mei 2018 kurithi mikoba ya Arsène Wenger baada ya miaka 22. Mwezi huohuo Arsenal ilitangaza mkataba na Rwanda, kwa hiyo Emery ndiye kocha wa kwanza ambaye timu yake ilivaa "Visit Rwanda" mkononi. Alianza kwa kupoteza mbili, kwa Manchester City na Chelsea, kisha akacheza mechi 22 bila kufungwa katika mashindano yote, ikiwemo ile 4-2 dhidi ya Tottenham Desemba 2018. Kulikuwa na watu walioapa kwamba Wenger alichelewa kuondoka.

Kilichomwua ni Aprili na Mei 2019. Crystal Palace walishinda 3-2 Emirates, nyumbani kwa Arsenal, Wolves wakashinda 3-1, Leicester 3-0, halafu sare na Brighton. Arsenal ilimaliza ya tano na pointi 70, Tottenham ya nne na 71. Pointi moja! Ingekuwa Ligi ya Mabingwa, tungekuwa tunaandika historia nyingine. Njia ya pili ilikuwa fainali ya Ligi ya Europa jijini Baku, tarehe 29 Mei. Henrikh Mkhitaryan, Muarmenia, hakusafiri kwa sababu ya usalama wake Azerbaijan. Aaron Ramsey alikuwa ameumia. Chelsea wakashinda 4-1, na fainali pekee ya Ligi ya Europa aliyowahi kuipoteza hadi hapo ikawa ile ambayo Arsenal waliihitaji kuliko kitu chochote.

Msimu wa pili ulioza mapema. Watford, iliyokuwa mkiani, ilipiga mashuti 31 dhidi ya Arsenal na kurudisha mabao mawili. Alitaka asajiliwe Wilfried Zaha, akaletewa Nicolas Pépé. Habari ya nahodha ilizungushwa wiki baada ya wiki, akaachia wachezaji wapige kura, ikamwangukia Granit Xhaka, na Oktoba Xhaka akazomewa na mashabiki wake mwenyewe wakati anatolewa dhidi ya Palace. Akaweka kiganja sikioni, akavua jezi, akaingia ndani moja kwa moja. Unahodha ukahamia kwa Aubameyang. Mesut Özil alikuwa ndani leo, nje kesho, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Mechi saba bila ushindi, ya mwisho ikiwa 2-1 nyumbani mbele ya Eintracht Frankfurt na viti vitupu, na tarehe 29 Novemba 2019 kibarua kikaota nyasi.

Alionewa wapi? Kwenye Kiingereza chake. Magazeti na mitandao ilifanya lafudhi yake kichekesho cha kila siku, na mchezaji anayemcheka kocha usiku hawezi kumsikiliza asubuhi. Alifeli wapi? Arsenal ile ilikuwa na beki mbovu alipofika na beki mbovu alipoondoka. Ukocha wake unadai mchezaji akae, atazame, arudie, akubali kuambiwa asogee mita mbili kushoto. Chumba kile hakikuwa na subira hiyo, na yeye hakuwa na ubabe wa kuwalazimisha.

Villarreal kweli iliwatoa Arsenal?

Iliwatoa. Nusu fainali ya Ligi ya Europa 2021: 2-1 nyumbani kwa Villarreal, suluhu Emirates. Upande wa pili wa benchi alikuwa Mikel Arteta, mrithi wake. Emery hakushangilia sana. Alipeana mikono na watu, akaingia ndani.

Fainali ilikuwa Gdańsk, Poland, tarehe 26 Mei 2021, dhidi ya Manchester United. Gerard Moreno alifunga, Cavani, mtu wake wa Paris, akasawazisha. Yakaja matuta ambayo sijaona mfano wake katika fainali ya Ulaya: penalti 21 zote zikaingia, makipa wakaanza kupiga wenyewe kwa wenyewe. Gerónimo Rulli akafunga ya kwake, kisha akaipangua ya David de Gea. 11-10. Klabu iliyoanzishwa 1923, ya mji wenye watu kama 50,000, ikapata kombe lake kubwa la kwanza.

Mwaka uliofuata ulikuwa mtamu zaidi japo haukuwa na kombe. Ligi ya Mabingwa, Juventus ilipigwa 3-0 kwao Turin. Bayern München ikafungwa 1-0 Hispania, na kule München, Samuel Chukwueze wa Nigeria alisawazisha dakika ya 88 na kuwatupa nje. Nusu fainali, Liverpool walikuwa nyuma 2-0 mapumziko katika marudiano, matokeo ya jumla yakiwa sawa, kabla ya kuzinduka na kushinda 3-2. Dakika 45 zile Klopp alikuwa amekwisha.

Ni kweli aliwakataa Newcastle?

Novemba 2021 Newcastle, ikiwa na fedha mpya za Saudi Arabia, ilimfuata. Habari zikavuja siku ya mechi ya Ligi ya Mabingwa, na yeye akatangaza kwamba anabaki. Newcastle wakamchukua Eddie Howe.

Aston Villa aliikuta katika hali gani, na ameifanya nini?

Aliikuta karibu na mstari wa kushuka daraja, baada ya Steven Gerrard kufukuzwa Oktoba 2022. Mechi yake ya kwanza, 6 Novemba, waliifunga Manchester United 3-1. Villa ilikuwa haijaishinda United nyumbani katika ligi tangu 1995. Msimu ukaisha wakiwa nafasi ya saba na tiketi ya Ulaya mkononi.

Mwaka 2023 Villa Park ikawa machinjio: ushindi 15 mfululizo nyumbani katika ligi, rekodi ya klabu, wa mwisho ukiwa wiki ileile ya Desemba walipoifunga Manchester City 1-0 na siku tatu baadaye Arsenal 1-0. Aprili 2024 wakaifunga Arsenal tena, 2-0 Emirates, na mbio za ubingwa za Arteta zikakwama pale. Walimaliza wa nne. Villa ilikuwa haijacheza mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Ulaya tangu msimu wa 1982/83.

Walivyorudi, mgeni wao wa kwanza nyumbani alikuwa Bayern, timu ileile waliyoifunga 1-0 katika fainali ya 1982 Rotterdam. Tarehe 2 Oktoba 2024 Jhon Durán aliingia kutoka benchi, akamwona Manuel Neuer amesogea mbele kama kawaida yake, akaubetua mpira kutoka mbali. 1-0 tena. Walifika robo fainali na kukutana na PSG ya Luis Enrique, yaani yuleyule aliyekuwa benchi la Barcelona siku ya 6-1. Paris 3-1. Birmingham PSG wakatangulia 2-0, Villa wakarudisha matatu, na nusu saa ya mwisho mabingwa wa Ulaya wa mwaka ule walikuwa wanapiga mpira popote unapoenda. Villa ikatoka kwa jumla ya 5-4.

Ligi ya 2024/25 iliwaishia vibaya. Siku ya mwisho, Old Trafford, Emiliano Martínez alipewa kadi nyekundu, bao la Morgan Rogers likakataliwa kwa filimbi iliyopulizwa mapema, wakafungwa 2-0 na kukosa Ligi ya Mabingwa kwa tofauti ya mabao tu dhidi ya Newcastle.

Kilichofanya kazi Villa ni kwamba alipewa funguo. Monchi aliletwa 2023 kumfuata, Pau Torres akatoka Villarreal, wasaidizi ni wake. Hakuna staa wa euro milioni 222 anayemuuliza kwa nini.

Alimfundisha Samatta?

Hapana, walipishana. Mbwana Samatta alijiunga na Villa Januari 2020, akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City Machi mwaka huo, na Septemba akaenda Fenerbahçe. Emery alifika miaka miwili baadaye. Hata uwanjani hawakukabiliana Uingereza: Samatta alipotua, Emery alikuwa ameshatimuliwa Arsenal.

Hizi habari kwamba huwachosha wachezaji kwa video ni za kweli?

Za kweli. Joaquín, winga aliyecheza chini yake Valencia, alitania kwamba alionyeshwa video nyingi hadi bisi zikamwishia. Kuna na kisa kinachosimuliwa tangu enzi hizo: alimpa mchezaji mmoja flashi ya kwenda kutazama nyumbani, kesho yake akamuuliza ameionaje, jamaa akajibu nzuri sana. Flashi ilikuwa tupu.

Uwanjani utaliona zao lake kwenye mstari wa mabeki. Villa ya 2023/24 ilikuwa ikiweka mabeki juu karibu na katikati ya uwanja na kuwategea wapinzani kuotea, na iliongoza Ligi Kuu kwa kuwanasa. Mtego ukishtukiwa na mtu mmoja, golikipa yuko peke yake; ndiyo maana inabidi wanne watembee kwa hatua moja, na hilo halipatikani kwa hotuba. Ollie Watkins naye aliambiwa aache kukimbilia pembeni, abaki ndani ya upana wa boksi. Msimu huo alifunga 19 na kutoa pasi 13 za mabao katika ligi. Mipira ya kutenga ina kocha wake maalumu, Austin MacPhee.

Kwa nini makocha wengi wanatoka kwao?

Emery wa Hondarribia, Arteta wa San Sebastián, Xabi Alonso wa Tolosa, Andoni Iraola wa Usurbil, Julen Lopetegui wa Asteasu: wote Gipuzkoa, mkoa wenye watu kama 700,000 na eneo lisiloizidi sana Unguja. Sababu moja ni kwamba Athletic Bilbao huchezesha Wabasque tu, na Real Sociedad nayo hutegemea sana watoto wa nyumbani. Klabu isiyoweza kununua popote inalazimika kufundisha vizuri, kwa hiyo kila kitongoji kina walimu wa mpira. Arteta, Alonso na Iraola walipita utotoni klabu moja ya San Sebastián, Antiguoko. Emery hakupitia huko.

Amewahi kutwaa La Liga, au kufundisha Real Madrid, Barcelona au timu ya taifa?

Hajawahi. Ubingwa pekee wa ligi kuu alionao ni wa Ufaransa, 2018.

Na Super Cup ya Ulaya?

Hapo, kwenye mechi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa na bingwa wa Ligi ya Europa, ana mkosi. Sevilla yake ilifungwa na Real Madrid 2-0 Cardiff mwaka 2014. Mwaka 2015, Tbilisi, ilitoka nyuma 4-1 dhidi ya Barcelona hadi 4-4, kisha Pedro akaimaliza dakika ya 115. Villarreal ikafungwa na Chelsea kwa matuta Belfast 2021, Kepa akiwa ameingizwa kwa ajili ya penalti tu. Ile ya 2016 hakuikalia benchi. Alishahamia Paris, na Sevilla chini ya Jorge Sampaoli ikafungwa na Real Madrid hata hivyo.